Mienge, jino na mkasi: jinsi mji wa Odense unavyomsherehekea H.C. Andersen pamoja na watoto

Mwanzisha uzi

Wanajamvi, salamu kwenu nyote.

Usiku wa tarehe 6 Desemba 1867, mzee mmoja mrefu na mwembamba, mwenye umri wa miaka 62, alisimama kwenye dirisha la ukumbi wa baraza la mji wa Odense, nchini Denmaki, akiutazama uwanja uliofurika watu na mienge. Shule zilikuwa zimefungwa siku hiyo ili watoto nao washerehekee, vyama vya mafundi vilipita na bendera zao, mfalme alileta salamu kwa telegramu, na mzee mwenyewe alikuwa ametunukiwa uraia wa heshima wa mji aliozaliwa katika umaskini. Mtu angedhani kwamba furaha ilimjaa pomoni. Kumbe jino lilikuwa likimuuma vibaya. Anasimulia katika kitabu cha maisha yake kwamba baridi iliyoingia kwa dirisha lile ilimtesa mno, hata akawa anaitupia jicho karatasi yenye maneno ya wimbo aliokuwa akiimbiwa, akihesabu beti zilizosalia ili ajue ni lini ataweza kuondoka pale. Mienge ilipofifia, na maumivu yakapoa.

Asili ya mienge ile ilikuwa ya miaka 48 nyuma. Mwaka 1819, kijana wa miaka 14, ambaye baba yake fundi viatu alikwisha kufariki na mama yake alikuwa akiwafulia watu nguo mtoni, alishikilia kwamba ni lazima aende Copenhagen akatafute maisha katika tamthilia. Mama, kabla ya kumpa ruhusa, alimwita bibi mmoja mpiga ramli, naye akatabiri kwamba iko siku mji mzima wa Odense utawashwa taa kwa heshima ya mtoto huyu. Mtoto huyo, ambaye ndiye yule mzee wa dirishani, ni mwandishi wa ngano Hans Christian Andersen. Alikuwa amekwisha kuichapisha ramli hiyo katika kumbukumbu zake miaka mingi kabla ya 1867, kwa hiyo waliowasha taa walijua vizuri wanachokifanya. Walikuwa wakimtimizia hadithi yake mwenyewe.

Mimi ninaishi katika mji huo, na mwaka huu ni wa tisa. Nina watoto wawili, mmoja wa miaka minane na mwingine wa miaka mitano. Tangu mwaka 2013 mji umekuwa ukiandaa kila mwezi wa Agosti tamasha kubwa la kumkumbuka Andersen, lenye maonyesho mengi ambayo sehemu kubwa hufanyika barabarani, bustanini na kando ya mto, bila kiingilio. Nimehudhuria miaka yote isipokuwa mmoja niliokuwa nyumbani kwa msiba. Ninafungua uzi huu kwa sababu watu wengi huniuliza tamasha la mwandishi wa watoto linakuwaje, wakidhani ni maonyesho ya vitabu yenye hotuba ndefu na keki. Jibu langu ni kwamba tamasha hili linafaulu kwa sababu halimsifu Andersen sana. Linawapa watoto kazi aliyokuwa akiifanya yeye kwa mikono yake, kisha linawaacha.

Nitoe mfano mmoja, kwa maana huo ndio ulionifanya niandike. Mwaka jana tulikaa kwenye meza ndefu chini ya hema, na juu ya meza palikuwa na karatasi nyeupe na mikasi, basi. Dada aliyeisimamia meza hakuonyesha mfano wa kuigwa. Alikunja karatasi katikati, akaanza kusimulia huku mkasi ukiila karatasi taratibu na vipande vikimdondokea mapajani, na watoto wakawa hawajui watazame mkono au mdomo. Hadithi ilipofika mwisho aliikunjua karatasi, na hapo wakatokea wacheza dansi wawili walioshikana mikono chini ya mti. Mkubwa wangu alifungua kinywa asiweze kukifunga. Ndivyo Andersen alivyokuwa akifanya katika sebule za watu waliomkaribisha: alikuwa na mikono mikubwa na mkasi mkubwa, akikata na kusimulia kwa wakati mmoja, na hakuna aliyejua kitakachotokea mpaka karatasi ikunjuliwe. Mamia ya kazi hizo za karatasi yamehifadhiwa hadi leo. Humo mna mabata maji, majumba ya tamthilia, vikaragosi, na hata mwizi wa mioyo aliyenyongwa.

Mdogo wangu alikata upande wa mkunjo, kosa ambalo kila anayeanza hulifanya, na alipokunjua akakuta watu wawili walioachana badala ya mmoja. Akaangua kilio. Yule dada hakumpa karatasi nyingine wala hakumrekebisha; alimwambia kwamba sasa ana mapacha waliopoteana, na kwamba meza nzima inasubiri kusikia walipoteana vipi. Mtoto alifuta machozi, akafikiri, akasema: "Mmoja alipanda treni." Mapacha hao bado wako kwenye dirisha la jikoni kwetu, kila mmoja kwenye kioo chake.

Linganisheni na sherehe moja ya kitabu niliyowahi kuihudhuria nikiwa bado nyumbani. Watoto walipangwa mistari juani tangu saa mbili asubuhi, mgeni rasmi akawasili saa tano kasoro, risala ikasomwa, hotuba zikafuatana, na kitabu chenyewe hakikufunguliwa hata ukurasa mmoja mbele ya watoto waliokalishwa pale kwa ajili yake. Sisemi haya kwa kudharau kwetu, kwa maana hata Wadenmaki walijikwaa. Mwaka 2005, walipoadhimisha miaka 200 tangu kuzaliwa kwa Andersen, walifungua sherehe kwa onyesho kubwa katika uwanja wa mpira wa Copenhagen, wakaalika wasanii wa kimataifa, Tina Turner akiwa mmojawao, na matokeo yake yakawa hasara na malalamiko. Fundi viatu wa Odense na mwanawe walikuwa mbali sana na uwanja ule.

Jambo la pili ninalolipenda ni kwamba umaskini haufichwi. Katika njia za katikati ya mji zimechorwa nyayo unazoweza kuzifuata kwa miguu kutoka mahali hadi mahali palipomhusu. Zinakufikisha katika nyumba ndogo ya mtaa wa Munkemøllestræde, ambako aliishi tangu akiwa na miaka miwili hadi siku aliyoondoka. Familia nzima ilikuwa na chumba kimoja tu, na ndani yake mlikuwa na kitanda, benchi la ushonaji viatu na meza. Humo baba yake alimtengenezea tamthilia ya vikaragosi na kumsomea hadithi ambazo sisi tunazifahamu kwa jina la Alfu Lela Ulela, jambo linalonifurahisha kila ninapolikumbuka, maana ina maana kwamba fundi viatu wa Denmaki na bibi wa Unguja walichota katika kisima kimoja. Ukishuka kidogo unaufikia mto aliokuwa akifulia mama yake, akisimama ndani ya maji ya baridi kwa saa nyingi na kujipasha moto kwa pombe kali. Watu walimsema kwa ulevi wake. Mwanawe baadaye aliandika hadithi nzima ya kumtetea dobi wa namna hiyo, na watoto wa Odense husimuliwa hivyo hivyo, pombe ikiwemo.

Jumba jipya la makumbusho, lililofunguliwa mwezi Juni 2021 na kusanifiwa na Kengo Kuma wa Japani, nitalitaja kwa kifupi tu. Sehemu yake kubwa imechimbiwa chini ya ardhi, na juu kuna bustani ya njia zinazopinda katikati ya ua wa miti, ambamo watoto hupotea kwa makusudi. Ni pazuri. Lakini kama muda wenu ni mchache, chagueni mto na kile chumba kimoja.

Karibuni kwa maswali na ubishi.

Mchangiaji kutoka Dodoma

Nakushukuru dada kwa uzi uliopangika. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na nina shaka moja ambayo naomba uijibu bila kunizunguka. Hadithi za mwandishi huyu nimezisoma darasani, na baadhi yake zinatisha. Yule msichana muuza viberiti anakufa kwa baridi usiku wa kuamkia mwaka mpya, na watu wanamkuta asubuhi akiwa ameganda ukutani. Yule binti wa baharini, nusu mtu nusu samaki, anakatwa ulimi, anatembea kama anayekanyaga visu, na mwishowe mwana wa mfalme anamuoa mwingine. Nilipomaliza kuisoma ile ya viberiti, darasa la nne lilinyamaza kimya, na mtoto mmoja akaniuliza kwa nini hakuna aliyenunua hata kiberiti kimoja. Sikuwa na jibu. Je, tunaposema huyu ni mwandishi wa watoto, na tukamfanyia tamasha la kifamilia lenye mahema na karatasi, hatuwadanganyi wazazi?

Mwanzisha uzi

Mwalimu, heshima yako. Swali lako lilimsumbua hata Andersen mwenyewe. Kijitabu chake cha kwanza cha ngano, cha mwaka 1835, kilieleza kwenye jalada kwamba zimesimuliwa kwa ajili ya watoto. Kufikia toleo jipya lililotoka mwishoni mwa 1843, lile lenye hadithi ya kifaranga mbaya wa bata, maneno hayo aliyaondoa. Alisema kwamba anamsimulia mtoto, lakini anakumbuka kuwa baba na mama nao wamekaa hapo hapo wakisikiliza, na hao nao lazima wapewe kitu cha kufikiria. Katika miezi ya mwisho ya uhai wake aliletewa mfano wa sanamu iliyokusudiwa kuwekwa Copenhagen, akiwa amezungukwa na watoto, mmoja akimwegemea karibu kabisa. Alikasirika sana. Alisema kwamba hajawahi kusoma mtu akiwa nyuma yake wala mtoto akiwa mapajani, na kwamba yeye si mwandishi wa watoto peke yao. Alifariki tarehe 4 Agosti 1875, na sanamu iliyosimamishwa hatimaye inamwonyesha amekaa peke yake na kitabu, mkono mmoja ameunyosha kama anayemwita msikilizaji ambaye hatumwoni.

Ndiyo sababu ninaona neno "familia" linalifaa tamasha hili kuliko neno "watoto". Maonyesho yanapofanyika bustanini, utaona watoto wamekaa kwenye nyasi mbele na wazee wamesimama nyuma, na wakati mwingine kicheko cha nyuma kinakuja katika mstari ambao mbele hawakuucheka kabisa. Ile hadithi ya mfalme aliyetembea uchi huku kila mtu akisifia nguo zake ni ya namna hiyo. Mtoto anaicheka kwa sababu kuna mtu mzima hana nguo. Mzazi anaicheka kisha anatulia, kwa sababu anamkumbuka bosi wake.

Kuhusu msichana wa viberiti, naomba uongeze kitu kimoja unapoisoma tena. Mama yake Andersen, alipokuwa mtoto, alitumwa na wazazi wake kwenda kuomba, naye kwa kuona haya alikaa chini ya daraja la mto wa Odense akilia mchana kutwa, akiogopa kurudi nyumbani mikono mitupu. Daraja na mto sisi tunavipita tukienda sokoni. Kwa hiyo swali la yule mwanafunzi wako, kwa nini hakuna aliyenunua, ndilo swali ambalo mwandishi alilibeba kutoka kwa mama yake. Nadhani ulifanya vyema kutokuwa na jibu.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Binti yangu, nakupa heko. Mimi ni mzee wa Kibokoni, na wajukuu wangu huniletea vitabu vyenye picha niwasomee. Nina neno moja kuhusu huyo wa baharini. Vitabu vyote vinamwita nguva. Sasa sisi watu wa pwani nguva tunamfahamu: ni mnyama mnene mwenye kunyonyesha, anayekula majani ya baharini taratibu kama ng'ombe, ambaye siku hizi amekuwa adimu hata huko Lamu. Wazee wetu walimsimulia mambo mengi, ni kweli, lakini sura yake hatuisahau. Basi nikimsomea mjukuu kwamba nguva alikuwa mzuri kuliko dada zake wote, ngozi yake laini kama jani la waridi, mtoto anacheka mpaka hadithi inaharibika. Huyo mwandishi mwenyewe alitumia neno gani? Mimi nilikuwa nikipendelea kumwita bibi wa bahari, lakini wajukuu wananiambia kwamba kitabu kinasema nguva.

Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee wangu. Wajukuu wamekuonea. Neno la Kidenmaki ni havfrue, nalo limeundwa kwa maneno mawili, la kwanza lina maana ya bahari na la pili lina maana ya bibi, kwa namna tunavyomwita mwanamke wa heshima. Umefika alipo mwandishi bila kupita kwenye kamusi. Kuanzia leo nyumbani kwangu ni bibi wa bahari, na nguva tumwache ale majani yake kwa amani.

Mimi nina mzigo mwingine wa aina hiyo, nao ni mzito zaidi. Hadithi ya kifaranga mbaya imejengwa juu ya kwamba yeye si bata. Kwa Kidenmaki, kifaranga wa bata ni ælling na yule ndege mweupe anayetokea mwishoni ni svane, na majina hayo hayana undugu hata kidogo. Kwetu, huyo wa pili kamusi inamwita bata maji. Ongeza kwamba anayemvimbia kifaranga uani ni bata mzinga, na wanaopigwa risasi bwawani ni mabata bukini, na utaona kwamba Kiswahili kimewakusanya wote katika ukoo mmoja. Nilipomsimulia mwanangu kwa mara ya kwanza, nikafika kwenye kilele kwa sauti kubwa: "Kumbe hakuwa bata, alikuwa bata maji!" Akanitazama, akauliza: "Kwa hiyo bado ni bata?" Hadithi yote ikazama hapo.

Mchangiaji kutoka Eldoret

Nimecheka peke yangu ofisini hadi wenzangu wakageuka. Hata hivyo, naomba kutetea Kiswahili kidogo. Huenda mwanao amegundua kitu ambacho Kidenmaki hakikioni: kwamba kifaranga alikuwa bata tangu mwanzo, na kosa lilikuwa la uani kuamini kwamba bata ni wa aina moja tu. Mimi ningependelea hadithi hiyo kuliko ile inayosema kwamba ukivumilia utakuja kugundua kuwa ulikuwa wa ukoo bora.

Mwanzisha uzi

Ndugu, hilo limenikalisha chini. Kuna Wadenmaki pia wanaomlaumu Andersen kwa jambo hilo hilo, kwamba kifaranga hakupata chochote kwa juhudi zake, alikua tu akawa alivyokuwa ndani ya yai. Lakini kama msimuliaji ninapenda kuwa mwaminifu kwa mwandishi kabla sijamsahihisha, na katika kuisoma tena kwa Kidenmaki nimepata upenyo. Jioni ile ya vuli, kifaranga anapowaona ndege weupe wakiruka kwenda nchi za joto, Andersen anaeleza kwamba hakujua ndege hao wanaitwaje wala wanakwenda wapi, ila aliwapenda kuliko alivyowahi kumpenda kiumbe yeyote. Basi na mimi siwataji jina. Ninasema "ndege weupe wenye shingo ndefu" tangu mwanzo mpaka mwisho, na mtoto anaposhuka majini pamoja na kifaranga na kujiona kwenye kioo cha maji, anaona shingo. Jina halihitajiki. Wikendi iliyopita nilijaribu kwa watoto sita wa Waswahili wenzetu hapa Odense, na hakuna aliyeuliza habari za bata.

Mchangiaji kutoka Aarhus

Nami ninaishi Denmaki, kwa hiyo niruhusuni niwe mkali kidogo. Mwanzisha uzi ameipamba Odense. Mji huu ulimcheka Andersen alipokuwa mtoto, yeye akauhama akiwa na miaka 14, na sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki aliyaishi Copenhagen, katika safari za Ulaya na katika nyumba za matajiri waliomkaribisha. Leo uso wake uko kwenye vikombe, kwenye mifuko, kwenye taa za kuvukia barabara ambako mtu wa kijani amevaa kofia yake ndefu. Nauliza kama hilo ni tamasha la mwandishi au ni soko la watalii lililovaa kofia.

Mwanzisha uzi

Yote mawili, na sitakubishia kuhusu vikombe. Wanangu wanazipenda zile taa, mimi nimekwisha kuzizoea.

Lakini kuhusu kuchekwa, mji haukanushi, na hapo ndipo ninapoutetea. Babu yake Andersen mzaa baba alikuwa amerukwa na akili. Alichonga vinyago vya ajabu kwa mbao, watu wenye vichwa vya wanyama na wanyama wenye mabawa, akawa anavigawa vijijini, na watoto wa mtaani walimfuata wakimzomea. Andersen anakiri kwamba siku moja alizisikia kelele hizo, akajificha nyuma ya ngazi akitetemeka, kwa sababu alijua kwamba yeye ni damu na nyama ya mzee yule. Habari hiyo niliisikia mara ya kwanza tamashani, ikisimuliwa na kijana mmoja aliyesimama juu ya kreti barabarani, mbele ya watoto ambao kwa umri wangeweza kuwa wale wazomeaji. Alipofika pale kwenye ngazi alinyamaza kidogo. Mtoto mmoja aliyekuwa mbele akasema kwa sauti: "Ningetoka nimshike mkono." Mwenzake akamjibu papo hapo: "Usingetoka." Wakaanza kubishana, na msimuliaji akawaacha wabishane mpaka waliporidhika, ndipo akaendelea.

Mji ulifanya jambo lingine linalohusiana na hili. Katika miaka ya 1960 barabara pana ya magari ilipasuliwa katikati ya mji wa zamani, karibu kabisa na mtaa aliozaliwa Andersen. Mwaka 2014 barabara hiyo ilifungwa, na mahali pake pakajengwa nyumba, pakapita tramu, na watu wakarudi kutembea kwa miguu. Nilifika baada ya kufungwa, lakini majirani zangu wanasema zamani kumvusha mtoto pale kulikuwa kama kumvusha mto uliofurika. Leo watoto hukimbia hapo bila kushikwa mkono. Watalii wamefaidika, sawa. Mimi pia.

Mchangiaji kutoka Dodoma

Nimerudi. Nimewasomea darasa la nne ile hadithi ya viberiti kwa mara nyingine, safari hii nikitanguliza habari ya mama aliyelia chini ya daraja. Yule mwanafunzi aliyeuliza mwaka ule sasa yuko darasa la tano, nikamwita aje kusikiliza. Mwishoni alisema kwamba angalau mama yule alirudi nyumbani, kwa maana asingerudi mwandishi asingezaliwa.

Swali langu la mwisho ni la vitendo. Tarehe 2 Aprili, ambayo ni siku aliyozaliwa Andersen, ndiyo Siku ya Kimataifa ya Vitabu vya Watoto, na imekuwa ikiadhimishwa tangu mwaka 1967. Ningependa kufanya jambo dogo shuleni, si lazima limhusu yeye. Tuna karatasi zilizotumika upande mmoja na mikasi kumi na miwili kwa watoto 58. Tuanzie wapi? Pia dada yangu anakuja Copenhagen mwezi wa Agosti na wanawe watatu, anauliza aje vipi huko kwenu.

Mwanzisha uzi

Mwalimu, karatasi zilizotumika zinafaa kabisa, na maandishi ya upande wa pili huleta raha yake, kwa sababu mtu anayetokea huwa na hesabu za kugawanya tumboni. Wagawe watoto watano watano, mkasi mmoja kwa kila kundi: mmoja akate, mmoja asimulie, watatu waulize. Kila baada ya hadithi wabadilishane. Usiwape mwandishi wa kumsifu siku hiyo. Wape ngano ambayo kila mmoja ameisikia kwa bibi yake, ianze kwa paukwa na pakawa kama ilivyo desturi, na mkasi uanze kukata mara tu wote wanapoitikia. Waambie wakate upande ulio wazi, si upande wa mkunjo. Watakaokosea wape muda waeleze mapacha wao walipoteana wapi.

Dada yako apande treni kutoka Copenhagen. Ni mwendo wa saa moja na nusu hivi, na njiani watavuka bahari kwa daraja na handaki ambavyo watoto wake hawatavisahau. Aangalie tarehe za tamasha mapema, kwa kuwa wiki hubadilika kidogo mwaka hadi mwaka, na tiketi ya makumbusho akate kabla hajafika. Mengine yote yako barabarani. Makoti ya mvua asiyaache hata kama asubuhi jua linawaka. Na kama kuna mtoto anayetumia mkono wa kushoto, aje na mkasi wake, kwa maana kwenye ile meza ndefu sijauona hata mmoja.